Bili ya Mvua ya Mawe

Video ilifika nyumbani Merigi kabla yangu. Inaonyesha mtu mzima mwenye koti la harusini akikimbia juu ya nyasi za plastiki, sinia ya mhudumu kichwani, akiinua magoti kila hatua kwa sababu mawe yamemwingia viatuni. Huyo ni mimi. Nyuma yake anakuja mama mmoja, mwavuli wazi, mkoba kwapani, kwa mwendo wa kwenda kanisani. Huyo ni shangazi. Hadi naandika haya, kikundi cha ukoo kwenye WhatsApp bado kinaniuliza kama sinia niliirudisha.

Aliyetualika ni shemeji. Alikuwa ametoka safari ya kikazi Hispania, na huko wenyeji wake walimpeleka kula juu ya ghorofa katika Pozuelo de Alarcón, kitongoji cha wenye nazo nje ya Madrid. Aliporudi hakuwa mtu wa kula chini tena. Akatafuta mpaka akapata hoteli ya aina hiyo mjini Kericho, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Madrid hupata mvua ya milimita 400 na ushei kwa mwaka mzima, na Julai ni ya kusikia kwa jirani. Kericho hucheza karibu na milimita 2,000. Lakini mwenye hoteli alikuwa ameiga kila kitu cha Wahispania, pamoja na kutoweka paa.

Tulikaa. Menyu haikuwepo, katikati ya meza palikuwa na mraba wa madoadoa meusi unaopigwa picha kwa simu ndipo chakula kionekane. Shangazi ana simu ya mulika mwizi. Aliutazama ule mraba, akaufuta kwa kidole akidhani ni uchafu, kisha akaniambia, "Mwambie huyo kijana alete chai."

Chai ikaja: kikombe cha maji moto, kifuko chenye uzi, na biskuti moja. Shilingi 350. Shangazi ameishi na chai maisha yake yote, anaichuma majani mawili na chipukizi, anaibeba mgongoni hadi kituo cha kuuzia, anabishana na karani wa mizani. Akashika ule uzi kwa vidole viwili.

"Sasa huu mkia ni wa nini?"

"Mama, unachovya," mhudumu akasema.

"Na maziwa?"

"Maziwa ni mia moja zaidi, Mama."

Isitoshe, mahali palipo juu kiasi hicho, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi na hayaendi mbele tena hata ukiongeza moto. Chai ya kuchovya huko hutoa rangi tu. Ndiyo maana bibi zetu waliweka majani, maziwa na sukari kwenye sufuria moja na kuyaacha yatokote hadi yakubali.

Ilikuwa inakaribia saa nane mchana. Shangazi akainua macho upande wa Ziwa Victoria, akafunga mkoba wake. "Wanangu, tushuke. Hilo wingu lina mawe." Shemeji akamjibu kwa heshima zote, "Shangazi, tulilipia mandhari."

Hapa lazima nieleze, maana tangu siku hiyo nimesoma habari za mvua ya mawe kuliko nilivyosoma kitu chochote shuleni. Asubuhi jua likiwaka, nchi kavu hupata joto upesi kuliko Ziwa Victoria. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuja kujaza nafasi. Hadi unatufikia umeshakwea milima, na huku juu unakutana na upepo wa mashariki. Zikishakabana, pepo hizo hazina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana wingu letu linajua saa. Sasa, huko juu maji ni makaidi: tone safi kabisa laweza kukaa bila kuganda hata kwenye nyuzijoto 30 chini ya sifuri. Linangoja chembe ya kushikia. Likiipata linaganda papo hapo, upepo unalirusha juu, linavaa maji, linaganda tena, na ukilipasua utakuta matabaka kama ya kitunguu.

Na chembe hiyo hutoka wapi? Mwaka 1982 jarida la Tellus lilichapisha utafiti wa Russell Schnell na S. N. Tan-Schnell kuhusu majani yanayopukutika na kuoza chini ya mimea ya chai ya Kenya. Yakioza, hutoa chembe zinazogandisha maji kwenye baridi ndogo tu. Miguu ya wachumaji huyatimua vumbi, na vumbi hupanda na hewa ya mchana. Yaani huenda chai inajitafutia mawe yenyewe! Vitabu vya rekodi huitaja Kericho kwa siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilirushwa hata ndege kwenda kuyanyunyizia mawingu iodidi ya fedha ili yatulie. Ndege zilienda zao; mawingu yapo.

Siku hiyo yalikuwepo hasa. Jiwe la kwanza liligonga sahani ya shemeji, la pili likatua kwenye kikombe changu, na mengine sikuyahesabu. Miavuli ya matangazo ya soda ilipinduka yote kwa pamoja. Mhudumu alikuwa ameweka sinia mezani. Nilipoitazama sikuona sinia, niliona mabati. Mlango wa ngazi ulikuwa mmoja, mwembamba, na mbele yake walikuwa maharusi waliokuja kupigwa picha, na mpiga picha wao hakuacha kazi.

Tulipofika chini tukaletewa bili. Mstari wa nne: chai ya barafu, shilingi 450. Nikamwita mhudumu.

"Mkubwa, nilipoenda kutoa vyombo nilikuta kikombe kina barafu."

Meneja akaja, akasikitika sana, akaeleza kwamba mashine ikishaandika haifuti. Shemeji akalipa.

Visa vyangu vingine vya kula juu ya majumba havina mengi. Unguja kunguru aliondoka na samaki wangu kabla sijatia ndimu. Nairobi upepo ulichukua chapati. Nakuru walifunga mlango wa ngazi wakidhani tumeshaondoka.

Ila nikicheka kuhusu Kericho huwa nafika mahali kicheko kinakatika. Pale chini, wakati sisi tunagombania barafu, shangazi alikuwa kwenye simu na nyumbani. "Huko imepiga?" Ilikuwa imepiga. Mawe yakishachana majani, mkulima hukaa wiki kadhaa bila cha kupeleka kwenye mizani, na hakuna meneja anayekuja kusikitika. Mwezi hadi mwezi analipwa shilingi zisizofika thelathini kwa kilo ya majani mabichi. Oktoba angoje bonasi, nayo kwa miaka mingi ya upande wetu imekuwa ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, na kila mwaka tunapewa maelezo mapya.

Nilipiga hesabu. Kilo moja ya chai iliyokauka huhitaji kama kilo nne na nusu za majani mabichi. Kifuko kina gramu mbili. Kwa hiyo kilo moja anayoichuma shangazi hutoa vifuko 110 hivi, na kwenye lile ghorofa vifuko hivyo ni shilingi 38,500. Kiwanda, mnada wa Mombasa, lori, karatasi na uzi vina gharama zake, sikatai. Lakini kutoka thelathini hadi elfu thelathini na nane ni ngazi ndefu, na aliyeanza kuipanda akiwa na mzigo mgongoni ndiye anayeulizwa kama ana mia ya maziwa.

Basi wenye hoteli, wekeni mabati, mandhari hayatakimbia. Nawe msomaji, ukialikwa juu ya ghorofa huku kwetu, nenda asubuhi, na saa saba uwe umeshashuka.