Sifa za Kisu Kisichokata

Washairi wa pwani wameusifu mnazi, waimbaji wa kasri wamewasifu masultani, na kila msimu wa uchaguzi hapa Kenya hawakosekani wa kuwasifu hata watu tunaowajua vizuri. Kisu cha kukunja peke yake ndicho hakijapata msifu. Sisemi simi ya Mmasai wala jambia la Mhadhrami, silaha zenye heshima zake na picha zake vitabuni. Nasema kile kisu kikuukuu cha mfukoni, mpini wa mbao au pembe au mfupa, bapa moja au mawili, kilichofuliwa Sheffield au Solingen, kikaingia nchi hii mfukoni mwa mwanajeshi au mpima ardhi, na sasa kimelala chini kabisa ya mkebe wa misumari kwa muuza vyuma wa Kongo, Kawangware, kikimngoja mjinga wake. Mjinga mwenyewe ni mimi.

Tuanze na fadhila ndogondogo ili zisitusumbue. Kisu hiki hufundisha subira, kwa kuwa hakifunguki kabla hakijavunja ukucha. Hufundisha huduma ya kwanza, kwa kuwa springi ya mgongo ikichoka hujifunga kidoleni bila taarifa. Hutoboa mfuko wa suruali, na hivyo kumwepusha mtu na tamaa ya kuweka sarafu. Chuma chake hugeuka cheusi, na sisi wakusanyaji tunakataza weusi huo usisuguliwe, tunauita umri. Mke wangu anauita uchafu. Mpini ukipasuka, mafundi wa Kibera wanaochonga bangili na vifungo kwa mifupa ya ng'ombe watakuwekea mwingine. Ila ukikuta mpini wa pembe ya ndovu, uweke chini uondoke. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haina ucheshi.

Kisha kuna msako. Alfajiri pale soko la Toi, marobota ya mitumba yanapofunguliwa, wanaojua biashara hukimbilia kamera, zile nguo za mwanzo zisizo na doa. Baadaye huja fagia, makapi yanayouzwa kwa kupigiwa kelele. Zamu yangu ni baada ya fagia: nawauliza wenye meza kama mifuko ya makoti imetoa chochote. Makoti ya Ulaya huja na vitu vilivyosahauliwa na wenyewe, funguo, risiti, sarafu zisizotumika tena, na mara mojamoja, kisu.

Kongo mambo ni ya mizani. Kila kitu kina bei ya kilo, mpaka muuzaji alione jicho lako. Kwa hiyo kanuni ni kuchukua kwanza bawaba iliyovunjika, ukaigeuzageuza, ukauliza bei yake, ukaguna, halafu ukaelekeza kidole upande wa kisu kama mtu anayefukuza nzi. Moyo unadunda, uso umelala. Kijana mmoja alinitazama nikiigiza hivyo mpaka nikamaliza, akasema kwa upole: "Mzee, hiyo bawaba huitaki. Wewe unataka hiyo kisu." Bei ikaondoka kwenye kilo palepale.

Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Nilikubali kwamba taifa linahitaji umeme kuliko linavyonihitaji mimi. Lakini nikipita mbele ya vibanda vilivyofungwa nilijua kwamba humo ndani, chini ya misumari, kuna kitu kimewekwa kizuizini bila kosa.

Kitu chenyewe huenda kilikuwa Okapi. Hiki ni kisu chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa nyota na miezi ya chuma, na pete mgongoni ambayo lazima uivute kabla ya kukikunja. Mnyama aliyekipa jina anaishi misitu ya Ituri, nchini Kongo, na wataalamu wa Ulaya walimwandika vitabuni mwaka 1901. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaanza kutengeneza visu vyenye jina lake vya kuuza katika makoloni yao ya Afrika. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Yaani mnyama ametoka Kongo ile, akapitia Ujerumani, akashukia kusini, akaishia Kongo hii yetu ya Kawangware, katikati ya misumari. Hakuna balozi aliyezunguka hivyo bila kulipwa marupurupu.

Windo kubwa kuliko yote nimeliona Kibera, upande wa Makina, na nikalikosa. Kilikuwa kisu cha jeshi la Waingereza, bapa pana, kifungua mikebe, na mwiba mnene wa kufungulia mafundo ya kamba, na juu yake kimegongwa kile kialama cha mshale ambacho Waingereza walikipiga kwenye mali ya serikali yao. Mwenyewe ni nyanya wa Kinubi ambaye baba yake alikuwa askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza. Nikamwamkia, nikanywa chai yake, nikataja bei, nikaipandisha bila kuombwa. "Hicho hakiuzwi, mwanangu," akasema, "na ukitoka funga mlango, kuku wasiingie." Nilimwelewa. Mwaka 1918 Waingereza waliwatengea askari wa Kinubi zaidi ya ekari 4,000 hapo Kibera. Hati waliyokabidhiwa wajukuu zao mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Mtu aliyepunguziwa hivyo haachii hata kifungua mikebe. Na aliyezikata ekari hizo, bila shaka yoyote, hakutumia kisu cha aina ninayoisifu.

Maana fadhila kuu ya kisu changu, iliyonifanya nishike kalamu, ni ubutu. Sisemi ubutu wa kawaida unaoondolewa na fundi wa kunoa anayezungusha jiwe lake kwa pedali za baiskeli. Fundi huyo alinirudishia kimoja akakataa malipo. Nasema ubutu uliokomaa, ubutu wenye msimamo. Kisu hiki hakikati mkate, huubembeleza. Nyanya hukiona zikatoa maji kwa huruma. Nimewahi kukabidhiwa kitunguu kimoja jikoni, na tangu siku hiyo sijaombwa tena kusaidia. Ndoa ngapi zingepona kwa kifaa hiki!

Tazama basi historia. Wakubwa wa Ulaya walipokutana Berlin mwaka 1884 kuigawa Afrika, lau mwenyekiti wao angepewa kisu changu, wangekuwa hadi leo wanasukuma na kuvuta penye mpaka wa kwanza, jasho linawatoka, mmoja anashika upande huu na mwingine upande ule, chai inapoa, na bara zima lipo mezani halijachunika. Mfalme Leopold wa Ubelgiji angezeeka akiikwaruza Kongo bila kupata hata kipande cha kuonja. Wamasai wasingehitaji kuvuka mpaka kuwaamkia shangazi zao.

Au tazama nyumbani. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, nasi Wakenya tukaufanya msemo huo kuwa utaratibu wa serikali. Ningeomba kila afisa wa zabuni akabidhiwe Okapi ya fagia siku anapokula kiapo. Ningeomba Hazina ya Taifa ipewe mbili. Hati yangu ya mshahara hukatwa asilimia 1.5 ya nyumba ambazo sijaziona, tangu Oktoba 2024 ikakatwa na asilimia 2.75 ya afya, na anayekata, wallahi, kisu chake kinanolewa kila asubuhi.

Sasa jaribu kuingia mjini na hiki changu kisichoweza kukata nyanya.

Tangu shambulio la kigaidi la Westgate, Septemba 2013, ni vigumu kuingia duka kubwa, benki au ofisi Nairobi bila kupitia kwa mlinzi mwenye kijiti cha kupima chuma. Kijiti humlilia kila mtu: funguo, mshipi, simu. Kinalia na mlinzi anasema pita. Kinachotazamwa si chuma, ni viatu. Mwenye vumbi jekundu ndiye anayeulizwa, "Mzee, unatoka wapi?" Ukijibu Kawangware, mfuko unapekuliwa hadi mshono. Gari kubwa nyuma yako linafunguliwa buti na kufungwa kabla mtu hajainama, na katika buti ile unaweza kuingiza kiwanda kizima cha Solingen. Simlaumu mlinzi. Amesimama tangu alfajiri na viatu vyake vina vumbi lilelile. Aliyemfundisha nani wa kupekuliwa amekaa juu, ghorofa yenye kiyoyozi.

Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinampa miaka 7 hadi 15 anayekutwa na silaha katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa. Sina ugomvi na kifungu, nina ugomvi na mazingira. Kijana wa Gatina, hapo Kawangware, akikutwa usiku na kisu cha kumenyea machungwa, mazingira yake yameshasomwa: ni mtaa anaotoka. Lavington, mwendo mfupi tu kwa miguu, mwenye kisu chekundu cha Uswisi chenye mkasi na kijiti cha meno anaitwa mpenda kambi, na kisu chake ni kikali! Yule wa Gatina hana wakili wala hela ya dhamana. Atalala ndani mpaka Jumatatu akieleza habari za machungwa kwa watu wasiosikiliza. Na jioni hiyohiyo, pale steji, muuza mutura anasimama hadharani na kisu cha urefu wa mkono, kikali cha kunyolea, na miongoni mwa wateja wake ni askari wa doria. Duka la vifaa la jirani limetundika mapanga nje yakiwa na bei.

Okapi wangu alikamatwa kwenye mlango mmoja wa namna hiyo. Risiti hakuna. Nilipomaliza shughuli zangu nikarudi kwa mlinzi, akavuta droo. Jamani! Pembe, mbao, mfupa, bapa mawili, bapa matatu, kimoja chenye chapa ya Sheffield ambacho ningekifuata hata Kisumu; mkusanyiko niliouota miaka yote, na mwenyewe hajarauka siku hata moja kwenda Toi. Sisi tuliopekuliwa ndio tuliomsakia.

"Hiyo ya mbao ni mia mbili," akasema.

Nikamwambia ni yangu.

"Najua, mzee. Ndiyo maana sijasema mia tano."