Mhadhara wa Bingwa Mkuu kuhusu Elimu ya Kumfanya Mtu Aokoe Mazingira bila Kujijua

Imethibitika, kwa uchunguzi wa bingwa wa elimu hii, ambaye pia ndiye mwasisi wake, mwanafunzi wake wa kwanza na mtahini wake wa pekee, kwamba maisha endelevu, yaani namna ya kuishi isiyokula leo akiba ya kizazi kijacho, hayauziki kwa mahubiri. Mteja aambiwapo kwamba dunia inaungua husikitika kwa dhati, kisha huuliza bei. Juu ya swali hilo, ambalo wanazuoni wengine hulihesabu kuwa utovu wa adabu, bingwa amesimamisha nadharia yenye nguzo tatu, na hadhira inaombwa iandike bila kunong'ona.

Nguzo ya kwanza huitwa Kanuni ya Sufuria, isemayo kwamba chombo kipya sharti kikubali mapishi ya zamani. Ushahidi wake ni jiko la kauri la Kenya, lililoenea Nairobi tangu miaka ya 1980: ni jiko la bati lenye kiuno chembamba, ambalo ndani yake limetiwa bitana ya udongo uliochomwa, na bitana hiyo huzuia joto lisipotelee pembeni, hata matumizi ya mkaa yakakadiriwa kupungua kwa asilimia 30 hadi 50. Wazo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, lakini waliolifanya liuzike ni mafundi wa jua kali, yaani wagonga mabati wafanyao kazi nje penye jua. Mpishi hakutakiwa abadili sufuria wala ugali. Aliona tu kwamba gunia la mkaa limechelewa kwisha. Inasikitisha kwamba mafundi hao waliitekeleza kanuni hii kabla bingwa hajaivumbua, kosa ambalo mhadhara huu unawasamehe.

Nguzo ya pili ni Kanuni ya Kibaba, isemayo kwamba bei igawanywe mpaka ilingane na fedha iliyobaki mfukoni jioni. Familia iliyonunua mafuta ya taa ya kupima kwa ajili ya koroboi ilikuwa tayari inalipia mwanga, tena mwanga wenye moshi, ila haikumudu kutoa bei ya sola kwa mkupuo. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza biashara nchini Kenya mwaka 2012, ilikabidhi mtambo kwa malipo ya awali na kiasi cha shilingi 50 kila siku kwa muda wa karibu mwaka mmoja, zikilipwa kwa M-Pesa, huduma ya fedha ya simu iliyozinduliwa mwaka 2007. Asiyelipa, mtambo hufungwa kwa amri itokayo mbali mpaka alipe. Mwenye duka la mtaani apimaye mafuta ya kula kwa kikombe huijua kanuni hii tangu zamani, lakini kwa kuwa hajaichorea jedwali, ujuzi wake hautambuliwi.

Nguzo ya tatu, iliyo ngumu kwa akili za kawaida, ni Kanuni ya Fahari, isemayo kwamba kitu kipya sharti kimpe mtumiaji heshima mbele ya watu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu iwezayo kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, na Tanzania ikachukua hatua kama hiyo tarehe 1 Juni 2019. Sheria yaweza kumnyang'anya mtu mfuko, lakini haiwezi kumfanya apende kitakachoshikwa na mkono wake mahali pa mfuko huo. Hiyo ni kazi ya msusi. Kikapu cha ukili, kilichodharauliwa kuwa mzigo wa bibi, kikisukwa kwa rangi na kutiwa vishikio vya ngozi, hupelekwa harusini na mtu yuleyule aliyekicheka, naye hukilipia zaidi bila kushurutishwa na askari.

Kwa hiyo mfanyabiashara mwerevu humwuzia mteja urahisi, nafuu na heshima, na wokovu wa dunia humtilia humo humo, kama nyongeza ya muuza nyanya. Wahudhuriaji watapewa vyeti vya ubingwa mdogo, ambavyo, kwa kufuata Kanuni ya Kibaba, vitalipiwa shilingi 50 kwa siku. Na atakayechelewesha malipo, elimu aliyoipata leo itafungwa kwa amri itokayo mbali.