Hodi! Nani? Mimi!

Mtu akibisha hodi ukauliza "Nani?", hujibu "Mimi!" Neno hilo halisemi kitu, lakini unafungua kwa kuwa sauti unaijua. Barua pepe haina sauti. Hata hivyo tumemweka bawabu mlangoni, yaani kichujio cha barua taka, tukampa orodha nyeupe ya wanaopita na orodha nyeusi ya wanaofukuzwa, na kila anayesema "Mimi!" anakaribishwa hadi jikoni. Mfundishe bawabu wako hivi.

1. Usiamini jina, dai kitambulisho. Kanuni za SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe, zilizotoka mwaka 1982, hazimtaki mtumaji athibitishe kuwa ndiye. Tapeli anaweza kuandika jina la benki yako kama mlevi anavyojiita sultani. Orodha nyeupe iulize SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa fulani, na DKIM, yaani sahihi ya kidijitali. SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka, ina amri inayoamini anwani tupu, na nyingine inayoamini anwani iliyopita ukaguzi. Chukua ya pili.

2. Jitoe mwenyewe kwenye orodha nyeupe. Wengi huingiza humo kikoa cha ofisi yao, wakidhani wa nyumbani hapekuliwi. Tapeli analijua hilo, ndiyo maana huja amejivika jina la bosi wako, anataka malipo ya haraka kabla ya saa sita.

3. Acha kufukuza anwani moja moja. Leo unamzuia tapeli, kesho anarudi na jina jipya. Utachoka wewe kabla yake. Mwaka 1997 mtaalamu wa mtandao Paul Vixie alianza kuorodhesha anwani za mashine zinazomwaga barua taka, badala ya majina ya watumaji. Shirika la Spamhaus, lililoanza 1998, bado linafanya kazi hiyo. Seva yako iziulize orodha kama hizo, nawe ubakishe orodha yako nyeusi kwa wasumbufu wachache wanaokuandama wewe.

4. Usifunge mtaa kwa kosa la mwizi mmoja. Ukizuia gmail.com yote, umemfungia mlango mteja, shangazi na fundi wako. Ukiiruhusu yote, umewafungulia matapeli.

5. Toa alama, usitoe hukumu. Kwa kawaida SpamAssassin huhesabu barua kuwa taka ikifikisha alama 5, lakini aliye kwenye orodha nyeupe hupunguziwa alama 100. Hapo hata ushahidi wa wazi hauna uzito. Mwaminifu apunguziwe alama chache tu, na viambatisho vyake vikaguliwe kama vya wengine, kwani hata akaunti ya rafiki huibwa.

6. Andika tarehe na sababu. Kila jina lionyeshe nani aliliingiza, lini, na kwa nini. Kila baada ya miezi mitatu pitia orodha, ufute lisilo na mtetezi. Folda ya barua taka nayo ifungue kila wiki. Gmail hufuta yaliyomo baada ya siku 30.

Usiiruke hatua hiyo ya mwisho. Aliyezuiliwa kimakosa mara nyingi haambiwi. Anaomba kazi, anadai malipo yake au anakuarifu msiba, kisha anakaa akiamini umemsikia ukanyamaza. Tapeli akikosa mlango wako ataenda kwa jirani. Huyu alikuja kwako tu.