Nimepandishwa Hadi Chini

Malipo yameingia leo asubuhi, na hadi sasa nimekaa na simu mkononi nikihesabu upya. Bei yangu mpya, niliyoipigania kwa simu wiki nzima, imefika mkononi ikiwa ndogo kuliko ya zamani kwa shilingi 37 na senti 50. Senti zenyewe sokoni zilishasahaulika. Zimefufuliwa kwa ajili yangu.

Kazi ni kutafsiri madodoso ya wakulima, malipo kwa ukurasa. Bei ilikuwa 15,000. Mkataba ulipokwisha nikaomba 20,000. Afisa mikataba, akiwa Dar, akacheka kwa upole.

"Dada yangu, huko Moro si maisha chee? Ndizi za kuokota, maji ya mlimani..."

Nikamjibu kwamba ndizi pale Soko la Chifu Kingalu zinauzwa, na kwamba maji anayochemshia chai yanatoka Mto Ruvu, unaoanzia huku kwetu Morogoro, kwenye milima ya Uluguru. Nikapamba moto. Nikamkumbusha kuwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima wa Kibungo Juu, hukuhuku milimani, ili watengeneze matuta, udongo usiporomokee mtoni, na DAWASCO, waliokuwa wakiuza maji Dar, walichangia. "Walio bondeni waliwalipa walio juu," nikamaliza.

Kimya. Kisha akasema, haya, asilimia tano. Nyumbani vigelegele, jogoo akachinjwa.

Sasa nikueleze hesabu yenyewe, maana pamoja na uchungu wake ni tamu. Kuna kodi ya zuio. Anayekulipa kwa huduma anakata asilimia tano kabla pesa haijakufikia, anaipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, nawe unapewa cheti cha kuonyesha kwamba sehemu ya kodi yako ya mwaka imeshalipwa. Mkataba wa zamani ulisema kodi hiyo ni juu ya ofisi: mkononi nipate 15,000 kamili. Ili nizipate, ofisi ilikuwa ikitoa 15,789. Mkataba mpya unasema "bei ni pamoja na kodi zote". Basi chukua 15,000, ongeza asilimia tano: 15,750. Ukija kukata asilimia tano, hukati zile 750 ulizoongeza. Unakata kwenye kile kilichokwisha kunenepa: 787 na senti 50. Zinabaki 14,962 na nusu.

Tamu zaidi iko upande wa pili. Ofisi iliyokuwa ikitoa 15,789 sasa inatoa 15,750. Kwa kunipandishia bei, imeokoa shilingi 39 kila ukurasa! Jirani yangu, mwalimu wa hesabu, ameniomba karatasi akawafundishie kidato cha pili.

Zile 37 nitazimeza. Kinachonikaa kooni ni kwamba mtafsiri mwenzangu aliye Dar analipwa 20,000 kwa dodoso hilohilo, lenye maswali ya mmomonyoko wa mashamba ambayo mimi nayaona nikifungua dirisha. Kumbe ukikaa karibu na kazi, kazi inashuka thamani.

Si mara ya kwanza kuomba nyongeza: ofisi nyingine iliwahi kuniongezea fulana. Nyingine ilisema bajeti imefungwa, na haijafunguliwa hadi leo.

Mkataba huu unaisha Juni. Barua nimeshaiandika: naomba, kwa heshima zote, safari hii wasinipandishie.