Pima Buti Kabla Hujapenda Skii

Skii za zamani zinapumbaza. Zimeegemezwa ukutani kwenye duka la mitumba mjini Burlington, Vermont, ndefu kupita kimo chako, mbao imekolea, kingo za chuma zimeota kutu kidogo tu, na bei yake haifikii ya jozi ya raba. Wewe uliyekulia Bugendana, Burundi, ambako barafu uliyoijua ni ile ya mvua ya mawe, unazishika, unazipapasa, mkono unakwenda kwenye pochi. Rudisha pochi mfukoni. Mwongozo huu una amri moja, mengine yote ni maelezo yake: usinunue skii kabla hujalijua buti.

Skii ya nyikani inashikamana na mguu kwa kifungio, kipande kidogo kinachobana ncha ya buti na kuacha kisigino kipande na kushuka kinavyotaka. Lazima kiwe hivyo, kwa sababu skii hizi ni za kutembea, za kukwea kilima na kukishuka mahali ambapo hakuna mashine iliyopita kusawazisha theluji. Tatizo ni kwamba viwanda vilibuni vifungio vyao kila kimoja kivyake, na buti la mfumo huu haliingii kwenye kifungio cha mfumo ule. Aliyewahi kutengenezesha baiskeli Gitega ameshanielewa: tairi la 26 halivai rimu ya 28 hata ulibembeleze.

Watu wetu wa Afrika Mashariki hawakuanza leo kukanyaga theluji. Philip Boit wa Eldoret alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii, na Februari 1998 huko Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi. Katika kilomita 10 alikuwa wa 92, wa mwisho, na mshindi wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mstarini amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Miaka michache baadaye, kuanzia 2007, Marekani iliwapokea maelfu ya Warundi waliokimbia nchi mwaka 1972 na kuzeekea kambini Tanzania. Baadhi yao walifikia Vermont, jimbo linalokatwa lote na Njia ya Catamount, karibu kilomita 480 za skii kutoka mpaka wa Massachusetts hadi wa Kanada. Watoto wao wanakulia jimboni humo. Ndio ninaowaandikia, wao na wazazi wao, maana sioni kwa nini theluji ya mlangoni kwao iwe ya majirani peke yao.

Haya, geuza buti. Usiangalie ngozi, wala kamba, wala jina la kiwanda. Tazama soli, pale mbele chini ya vidole.

Ukiona soli imetokeza mbele, bapa, ina matundu matatu upande wa chini, hilo ni buti la pini tatu. Ukoo wake ni wa mwaka 1927, kilipobuniwa na Bror With wa Norway kile kifungio cha Rottefella: pini zinachomoza kwenye skii, matundu yanakaa juu yake, waya mnene unakandamiza soli kwa juu. Ukiona badala yake kijiti cha chuma kimelala kukingama ndani ya soli, hapo tulia, kwa sababu vijiti ni vya namna nyingi. Soli yenye mifereji miwili inayokwenda mbele hadi nyuma ni ya ukoo wa NNN. Yenye mfereji mmoja mpana ni ya SNS, ya Salomon. Na ndani ya ukoo wa NNN kuna ndugu wawili wanaofanana sura: wa kawaida, na wa nyikani anayeitwa NNN BC, ambaye kijiti chake ni kinene na kirefu zaidi. Hapa ndipo hela za watu wengi zinapopotea. Mifereji miwili huku, mifereji miwili kule, mtu anaona yamekwisha, kumbe kijiti cha nyikani hakiingii kabisa kwenye kifungio cha kawaida.

Ushauri wangu ni kuchukua pini tatu. Nausema bila kuzunguka. Kifungio chake hakina springi iliyofichwa wala plastiki ya kupasuka kwa baridi, na kikipinda unakinyoosha kwa koleo. Kipimo chake kilichoenea ni milimita 75, upana wa soli kwenye mstari wa pini. Vipo vya 71 na vya 79 vya zamani, vipo vyembamba vya 50 vya mbio, kwa hiyo nenda dukani na rula na uipachike pale kwenye mstari wa matundu. Milimita nne zinatosha kukuharibia majira mazima ya baridi.

Kisha jaribu buti kwenye kifungio palepale dukani. Vifungio hivi vina kushoto na kulia. Buti la kulia kwenye kifungio cha kushoto linakaa upande na mguu wako utaelekea msituni huku skii ikifuata njia. Shusha buti polepole mpaka pini zipate matundu. Zisipoyapata, usigonge. Kijana mwenye haraka atapiga teke moja na kupaza sauti, "Mzee, imeingia!" Mjibu kwa upole: "Imeingia, mwanangu, lakini haijakaa." Iliyokaa utaijua kwa sikio, waya unaponasa kwenye meno yake, na kwa jicho, ukiona soli imelala bapa bila mwanga kupenya chini yake. Soli ikiwa nene mno, waya haufiki kwenye meno. Ikiwa imechakaa, waya unanasa lakini buti linacheza. Inua kisigino, zungusha mguu kushoto na kulia. Kinachocheza dukani kitachomoka mteremkoni, na skii itaendelea na safari ya Kanada peke yake.

Angalia pia umri wa soli. Mabuti mengi ya miaka ya themanini na tisini yana soli za poliyurethani, na kitu hicho kinaoza kwa unyevu hata buti likikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa nje linang'aa. Likunje kwa nguvu, libonyeze kwa ukucha. Ukiona nyufa nyembamba au unga unadondoka, liache, hata wakikupa bure. Buti la ngozi lenye soli ya mpira iliyoshonwa linaweza kumzidi umri mwenye kulivaa, na fundi viatu anaweza kulirudishia uhai.

Ukipata buti zuri na skii nzuri visivyoelewana, ng'oa kifungio, ufunge kingine. Si kazi ya kuogopesha. Laza skii juu ya ukingo wa rula mpaka isimame sawa bila kuinamia upande wowote. Mstari wa pini uje hapo. Kwa skii isiyo na bamba la chuma ndani, biti ya drili ya milimita 3.6, yenye bamba, 4.1. Zungushia biti utepe kuonyesha kina cha skrubu, kwa sababu drili ikitokea upande wa pili skii imekufa. Matundu ya zamani yazibe kwa vijiti vya mbao na gundi, na mapya yasiyakaribie. Tia gundi kidogo kwenye kila tundu kabla ya skrubu, kaza kwa mkono, acha mpaka kesho.

Kesho yake usikimbilie mlimani. Anzia uwanja tambarare nyuma ya nyumba, utembee, upinde goti, uanguke upendavyo, kisha ukague skrubu moja moja. Ukienda mbali, beba bisibisi, waya, utepe mpana na skrubu mbili za akiba, na mwenzako mmoja ambaye buti lake pia umelipima.