Uhuru kwa Hati ya Mshahara

Familia ya Marekani inayotangaza kwamba imeiaga ratiba na kuhamia Ureno ili iishi bila kengele hulazimika kwanza, ikiwa inaomba viza ya D8, yaani kibali kilichoanzishwa Oktoba 2022 kwa wanaofanya kazi kwa mbali, kuthibitisha kuwa kengele hiyo ingali inalia, kwa kuonyesha mkataba wa kazi na kipato cha kila mwezi kisichopungua mara 4 ya kima cha chini cha mshahara wa Ureno. Kwa kuwa Lisbon huitangulia New York kwa saa 5, ofisi iliyokimbiwa hufunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa nne usiku, ambapo watoto, waliokombolewa nao kutoka katika ratiba, huwa wamekwisha kulala bila kumwona mkombozi wao. Bahari ipo, bila shaka, na picha zake hutumwa kwa jamaa kwa bidii ambayo mwajiri hajapata kuionja. Ama mhudumu wa mkahawa anayewaletea kahawa, ikiwa hulipwa kima hicho cha chini, kwa masharti ya viza hiyo asingestahili kuishi katika mji alimozaliwa.