Ndiyo na Hapana za Seneta Inhofe

Kura za James Inhofe, aliyekuwa seneta wa Oklahoma, jimbo la Marekani lenye mafuta na gesi, hazikuhitaji mpiga ramli: kisima ndiyo, kanuni ya moshi hapana. Mwaka 2003 alikabidhiwa uenyekiti wa Kamati ya Mazingira ya Seneti. Fisi naye huangalia bucha. Julai mwaka huohuo alieleza bungeni kwamba habari za binadamu kuipasha dunia joto huenda ni utapeli mkubwa kuliko wote waliowahi kufanyiwa Wamarekani.

Kioja kilikuja tarehe 21 Januari 2015. Seneti iliulizwa kama mabadiliko ya tabianchi ni kweli na si utapeli. Wakakubali 98, akakataa mmoja, na huyo mmoja hakuwa Inhofe. Yeye alikuwa upande wa ndiyo, tena kwa ushahidi wa Biblia: hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu zamani. Swali jingine, kama binadamu anachangia kwa kiasi kikubwa, lilipata kura 50 kwa 49 huku zikihitajika 60. Hapo alirudi kwenye hapana yake.

Mwezi uliofuata alitoa donge la theluji kwenye mfuko wa plastiki, akalirusha ukumbini kuonyesha baridi iliyokuwa nje. Ilikuwa Februari, mwezi ambao theluji Washington si habari.

Kwa visima, ndiyo yake ilibaki palepale: Desemba 2017 aliunga mkono sheria ya kodi. Ndani yake kilikuwemo kifungu cha kuruhusu uchimbaji wa mafuta kwenye hifadhi ya wanyama ya Aktiki, Alaska.